Idi ya Waturuki wa Ujerumani: yanayosemwa na yalivyo

Mswahili akihamia Ujerumani, kuna uwezekano mkubwa Idi yake ya kwanza ataisali na Waturuki, maana misikiti mingi ya huko ni wao walioianzisha. Na maneno hayakosi.

"Waturuki hawajali mwezi, wao hutangulia tu."

Wanaujali, ila wanauhesabu. Mwaka 1978 wanazuoni na wanafalaki walikutana Istanbul wakakubaliana kipimo: mwezi uwe umeachana na jua kwa nyuzi 8 na uwe juu ya upeo wa macho kwa nyuzi 5, popote duniani. Kwa hiyo tarehe ya Idi imo kwenye kalenda ya ukutani tangu mwaka haujaanza. Ndiyo maana huweza kupishana siku moja na msikiti wa Waarabu au Wamorocco wa mtaa wa pili. Sisi tuliozoea kukaa karibu na redio tukimsubiri Mufti au Kadhi Mkuu atangaze, tunaona wameipunguzia Idi utamu wake. Pengine ni kweli. Lakini mtu wa zamu kiwandani hampigii msimamizi wake saa nne usiku kumwambia mwezi umeandama. Ruhusa huombwa mapema, na bila tarehe huombi kitu.

"Sala yao si kama yetu."

Ni ile ile, kwa madhehebu ya Hanafi. Shafii wa pwani amezoea takbira saba rakaa ya kwanza na tano ya pili, zote kabla ya kisomo. Hanafi huongeza tatu tatu, na katika rakaa ya pili huzileta *baada* ya kisomo. Hapo ndipo mgeni anapoumbuka: imamu kamaliza sura, kasema Allahu Akbar, wewe umeshainama rukuu, huku safu nzima imesimama, mikono masikioni. Subiri takbira ya nne, hiyo ndiyo ya rukuu.

"Ni sherehe ya wenyewe kwa wenyewe."

Aliyesema hivi labda aliondoka mara tu baada ya hotuba. Katika misikiti mingi watu hujipanga mstari: wa kwanza anampa mkono wa pili, anapita kwa wa tatu, akifika mwisho anasimama naye asalimiwe. Mstari hujikunja hivyo hadi kila mtu ameshika mkono wa kila mtu, na ukiwa ndani ya safu huna pa kujificha. Ukikaribishwa nyumbani, kwanza unamiminiwa viganjani kolonya, yaani marashi ya limau, kisha zinafuata pipi, baklava na chai. Watoto hubusu mkono wa mzee na kuugusisha kwenye paji la uso, ndipo mkono wa Idi utoke. Hapo hawana tofauti na watoto wa Kariakoo wala wa Mombasa.

"Wakristo wa huko hawajawahi kuwapokea."

Februari 3, 1965, siku ya Idi-el-Fitri, mamia ya wafanyakazi wa Kituruki walisali ndani ya kanisa kuu la Köln, kwa ruhusa ya kanisa lenyewe. Walikuwa wamekuja kwa mkataba wa kazi wa 1961, wengi wakilala mabwenini, na hawakuwa na msikiti wa kuwatosha. Msikiti mkuu wa mji huo ulikuja kuzinduliwa rasmi 2018, tena kwa mvutano mwingi wa kisiasa. Kwa hiyo mapokezi yamekuwepo, na uhasama pia.

"Idi kubwa wanachinjia bafuni."

Kejeli ya zamani. Sheria ya Ujerumani hairuhusu kuchinja mnyama bila kumzimisha fahamu kwanza, ila kwa kibali maalumu. Mwaka 2002 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba mchinjaji Mwislamu anaweza kupewa kibali hicho kwa masharti. Baadhi ya familia huagiza nyama kwa bucha wao. Nyingine hutuma pesa, udhia ukachinjwa kwa niaba yao Uturuki au katika nchi maskini zaidi, za Afrika zikiwemo.

"Kila Mturuki hufunga Ramadhani."

Wako Waturuki wasio na dini, na wako watu wa Alevi, jamii ya kidini yenye asili ya Uturuki inayomtukuza Imamu Ali, ambao ni wengi sana Ujerumani. Kwa kawaida hawa hawafungi Ramadhani. Mfungo wao mkubwa ni siku 12 za Muharram, kumwombolezea Imamu Hussein. Wakimaliza hupika ashure: ngano, dengu, maharage, tini na zabibu kavu katika sufuria moja, juu hunyunyiziwa jozi na punje za komamanga, kisha bakuli hupelekwa kwa majirani. Wasunni nao huipika mwezi huo huo.

Jiji la Hamburg lilizitambua sikukuu za pande zote mbili mwaka 2012, kwa mikataba na jumuiya za Kiislamu na ile ya Alevi. Mfanyakazi anaweza kuomba siku yake, lakini saa hizo atazilipa kwa kazi siku nyingine.