Paa la asbesto likivunjika: taarifa leo, majina leo

Mvua za masika zikianza, upepo wa jioni kutoka ziwani Kisumu na mvua ya mawe huku Nakuru na kule Nandi huwa haziulizi paa ni la nani. Bati la kawaida likipeperuka, hasara ni ya mfuko. Lakini likiwa ni lile bati la kijivu, zito, la majengo yaliyosimamishwa kabla Kenya haijapiga marufuku asbesto mwaka 2006, hasara huingia kifuani mwa mtu na kukaa kimya miaka 20, 30, hata zaidi. Ninaowaona kliniki leo ni watu waliopanda juu ya mapaa hayo wakiwa vijana. Nikiwauliza ilikuwa mwaka gani, jengo lipi, mlikuwa nani na nani, wengi hawawezi kunijibu, kwa sababu siku ile hakuna aliyeandika kitu. Haya ni maswali ambayo mafundi, walimu na wenye nyumba wananiuliza.

Asbesto ni nini, na inaleta ugonjwa gani?

Ni madini yenye nyuzinyuzi, yaliyochanganywa na saruji kutengeneza mapaa, dari na mabomba. Paa likiwa zima na haliguswi, nyuzi zimeshikwa na saruji. Likikatwa, likivunjwa, likikwaruzwa au vumbi lake likifagiwa, nyuzi ambazo jicho halizioni huruka hewani. Zikishuka ndani ya mapafu, nyingi hazitoki tena. Huleta asbestosisi, yaani makovu yanayokaza mapafu. Saratani ya mapafu. Na mesothelioma, saratani ya utando unaoyazunguka mapafu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu zaidi ya 200,000 hufa kila mwaka duniani kwa sababu ya asbesto waliyoivuta kazini.

Nitajuaje kama paa langu ni la asbesto?

Kwa macho tu hutakuwa na uhakika. Dalili ni hizi: mabati mazito yenye mawimbi, unene wa milimita 6 hivi, rangi ya kijivu, hayashiki kutu, mara nyingi yameota kuvu, na yakipigwa hupasuka badala ya kupinda. Jengo likiwa la miaka ya 1950 hadi 1980, lihesabu kuwa lina asbesto hadi maabara iseme vingine. Usivunje kipande ili ukitazame.

Upepo umeng'oa mabati matano usiku, na watoto wanaingia darasani saa mbili. Hatuwezi kufagia kwanza, halafu tutoe taarifa?

Hapana. Taarifa kwanza.

Najua mwalimu mkuu anayeniuliza hivi anawaza watoto, na najua mzazi aliyekuja na fagio na toroli ametoka nyumbani kwa moyo mwema. Lakini fagio kavu ndilo linalofanya kazi mbaya kuliko upepo wenyewe. Upepo uliangusha mabati. Fagio linasaga vipande, linainua vumbi, na linaliweka usawa wa pua ya mtoto wa darasa la pili. Kisha vipande vinapakiwa kwa mikono, vinatupwa nyuma ya choo, na kufikia saa nne hakuna mtu anayeweza kusema kilichovunjika kilikuwa kiasi gani. Afisa akija wiki inayofuata anaoneshwa uwanja safi. Nimechoka na huo "uwanja safi".

Kinachofanywa kabla afisa hajafika ni kidogo, na hakihitaji ushujaa. Waondoe watu wote hapo, wasikanyage vipande. Zungusha kamba. Nyunyizia vipande maji polepole hadi vilowe, bila presha ya mpira, kisha vifunike kwa turubai au nailoni nzito na uzilaze kingo kwa mawe. Hakuna kukata, hakuna kuvunja ili vitoshee gunia, hakuna kuchoma. Aliyeguswa na vumbi avue nguo zikiwa zimeloweshwa, azitie kwenye mfuko, aoge mwili na nywele. Nguo hizo asimpelekee mkewe azikung'ute. Wapo wanawake duniani waliougua mesothelioma bila kukanyaga mjengo hata siku moja; walikuwa wakifua nguo za waume zao.

Basi, taarifa inapelekwa wapi, na tuseme nini?

Mwenye jengo au mwajiri ndiye mwenye wajibu wa kwanza, lakini asipopatikana usimngoje. Mpigie ofisa wa NEMA, ile mamlaka ya taifa ya mazingira, wa kaunti yako, kwa sababu asbesto ni taka ya hatari kwa kanuni za taka za mwaka 2006. Kama kuna wafanyakazi waliohusika, iambie pia ofisi ya usalama na afya kazini, ile DOSHS. Ofisa wa afya ya umma wa eneo naye aambiwe; mara nyingi ndiye anayefika mapema. Simu ni ya kuanzia tu. Siku hiyohiyo peleka barua au barua pepe, ubaki na nakala yenye mhuri au tarehe.

Ndani ya barua hiyo tia siku na saa tukio lilipotokea, kilichosababisha, mabati mangapi yameanguka na mangapi yamevunjika, nani waligusa, vipande viko wapi sasa, na mmevifunika kwa nini. Hivyo tu. Haihitaji wakili wala Kiswahili cha redioni.

Lakini hii ni dharura. Dharura si inaturuhusu kufanya kazi bila kuomba mtu?

Hili ndilo kosa linalonikasirisha zaidi, nalisikia kwa makontrakta kuliko kwa walimu. Dharura inafupisha muda wa kutoa taarifa. Haiifuti taarifa.

Tazama wenzetu walivyolipanga. Marekani, kabla ya kubomoa jengo au kuondoa asbesto inayozidi kiwango kilichowekwa, mwenye kazi hutoa taarifa ya maandishi siku 10 za kazi kabla hajaanza. Likiwa ni jambo la ghafla, hizo siku 10 zinaondolewa, lakini taarifa lazima itolewe mapema iwezekanavyo, isipite siku ya kazi inayofuata, na ieleze tarehe na saa ya dharura, tukio lenyewe, na jinsi lilivyoleta hatari. Uingereza, kazi ya asbesto inayohitaji leseni hutolewa taarifa siku 14 kabla. Kote huko hakuna mahali palipoandikwa kwamba ukiwa na haraka unaweza kunyamaza.

Hapa kwetu, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri atoe taarifa ya ajali na matukio ya hatari mahali pa kazi. Mtu akifa, ofisa wa eneo aambiwe ndani ya saa 24 na maandishi yafuate ndani ya siku 7. Tatizo la asbesto ni kwamba hakuna anayekufa siku hiyo. Fundi anashuka ngazi, anajikung'uta, analipwa, anakwenda kula ugali na omena. Kwa hiyo watu wanasema hakukuwa na ajali. Ajali ilikuwepo, na huyo fundi ameondoka nayo.

Kuondoa mabati yenyewe ni kazi ya kampuni yenye leseni, na gari la kubeba taka hiyo lazima liwe na leseni ya NEMA na hati ya kufuatilia mzigo kutoka mlangoni kwako hadi pale taka inapozikwa. Omba nakala ya hati hiyo. Dereva akisema atakuletea baadaye, asiondoke.

Kumbukumbu tuandike nini, na kwa nini tuzihifadhi miaka mingi hivyo?

Kwa sababu ugonjwa unakuja kampuni ikiwa imefungwa, msimamizi amefariki, na jengo limekuwa supamaketi. Marekani, rekodi za vumbi ambalo mfanyakazi alilivuta huhifadhiwa miaka 30 angalau. Uingereza, rekodi ya afya ya mfanyakazi wa asbesto hukaa miaka 40 tangu ilipoandikwa mara ya mwisho. Muda huo umefuata mwendo wa ugonjwa wenyewe.

Daftari la kawaida la shule linatosha kuanzia. Kwa kila siku ya kazi andika tarehe. Jina la jengo na chumba. Kazi iliyofanywa na kwa kifaa gani. Saa ya kuanza na ya kumaliza. Majina kamili na nambari za vitambulisho vya wote waliokuwa pale, vibarua wa siku moja wakiwemo. Walivaa nini puani. Nani alikuwa msimamizi. Kila mmoja aweke sahihi au dole gumba kando ya jina lake. "Fundi Otis na vijana wake" si kumbukumbu. Vijana wana majina.

Mpe kila mtu nakala yake, hata kama ni picha ya simu. Daftari la kontrakta hupotea na kontrakta. Na ewe kibarua, karatasi hiyo ihifadhi pamoja na cheti cha kuzaliwa na hati ya shamba, isibaki kwenye simu peke yake. Simu huibwa, huanguka chooni.

Mwajiri anayekwambia kwamba kuandika majina ni kujitafutia kesi, tayari amekuambia jambo muhimu kumhusu.

Tulivaa barakoa za corona na tukanywa maziwa baada ya kazi. Si inatosha?

Haitoshi. Barakoa ya kitambaa na ile ya samawati ya hospitali hazizuii nyuzi za asbesto. Leso ndiyo kabisa. Kinachofaa ni kifaa cha kupumulia chenye kichujio cha daraja la juu, kama FFP3 au P100, kilichokaza usoni bila mwanya, na ndevu humharibia mtu mkazo huo.

Maziwa nayo yanakwenda tumboni. Vumbi liko mapafuni. Kuanzia wasaga posho hadi wapaka rangi wa magari, kila mtu ameambiwa anywe maziwa yasafishe kifua, na kuna waajiri wanaonunua pakiti mbili badala ya kununua vifaa. Kunywa maziwa kwa afya yako. Hayaoshi mapafu, na hayajawahi kuyaosha.

Niligusa mara moja tu. Nitakufa?

Hatari ya mara moja, kwa muda mfupi, ni ndogo. Hatari hupanda kadiri unavyovuta vumbi jingi na mara nyingi. Hakuna dawa ya kumeza wala sindano ya kutoa nyuzi, kwa hiyo usikubali kuuziwa. Andika siku hiyo, mwambie mhudumu wa afya aiandike kwenye faili lako, uache sigara. Mvutaji aliyewahi kufanya kazi ya asbesto ana hatari ya saratani ya mapafu iliyo kubwa mno kuliko ya sigara peke yake au asbesto peke yake.

Nimetibiwa TB mara mbili, kikohozi hakiishi na napanda ngazi nikihema. Nianze dawa tena?

Hapana, usizianze kwa kununua au kwa kukisia. Na kama umeshaanzishiwa, usiziache peke yako, rudi uulize.

Huku magharibi na Bonde la Ufa TB ipo kwa wingi, na mtu mwenye kikohozi kirefu ni haki apimwe. Ila nawaona wazee wa mjengo wenye mifuko ya nailoni iliyojaa picha za eksirei, wameanzishiwa dawa za miezi sita, wakamaliza, wakaanzishiwa tena, na ukisoma karatasi, makohozi hayakuwahi kuonesha bakteria hata mara moja. Uliza swali hili waziwazi: "Makohozi yangu yalipimwa kwa mashine ya GeneXpert, na yalisemaje?" Kisha sema bila kuulizwa: "Nilifanya kazi kwenye mapaa ya asbesto." Daktari hawezi kulikisia hilo kwa kukutazama. TB mara nyingi huharibu sehemu ya juu ya pafu. Asbestosisi huanzia chini. Kikohozi kikavu, kuhema ukitembea, ncha za vidole zilizovimba na kucha zilizojikunja, bila homa wala jasho la usiku, vinahitaji eksirei isomwe upya na kipimo cha kupuliza cha nguvu ya mapafu. Maumivu ya ubavu au maji kwenye kifua, au kukohoa damu: njoo wiki hiyohiyo. Usingoje mavuno, usingoje mtoto wa Nairobi atume pesa.

Tukigundua ugonjwa wa kazini, sheria ya 2007 inatutaka sisi madaktari tuipashe DOSHS habari. Ili tufanye hivyo tunahitaji kujua ulifanya kazi wapi. Tumerudi kwenye daftari.

Vipande vilivyobaki, nisijengee banda la kuku?

Usijengee banda, wala choo, wala kuvisaga kujazia tope la getini. Kila gari linalopita litavisaga tena.

Mimi niliondoa mapaa miaka ya 1990, na sina karatasi hata moja. Nimechelewa?

Kwa ushahidi kamili umechelewa. Kwa kuandika hujachelewa. Keti jioni moja na mtu anayejua kuandika, mtaje majengo yote unayoyakumbuka, mwaka kwa kukadiria, waajiri, na wenzako walio hai. Watafute wenzako hao, kila mmoja aandike yake na muwekeane sahihi, maana huenda nao wanahema. Kama mwajiri alikuwa akikukata pesa za NSSF, omba taarifa ya michango yako. Inaonesha ulikuwa kwa nani na lini, na hilo litakusaidia ukidai chini ya sheria ya fidia ya majeraha ya kazini. Lete nakala kliniki, pamoja na eksirei zako zote, hata zile za zamani zilizofifia. Ya zamani tutailinganisha na mpya.