Askari umewaona, kaburi bado

Wiki iliyopita nilikuwa Xi'an, China, na mgeni mmoja. Tulipotoka tu kwenye mashimo yenye sanamu za askari wa udongo, akampigia mkewe simu: "Mama Amina, kaburi la mfalme wa China nimeliona!" Nikamwambia papo hapo: hapana, kaka, hujaliona. Kosa hili nalisikia kila safari, na linaniuma, kwa sababu wengi hupanda basi la kurudi mjini wakiwa na tiketi ya kaburi mfukoni.

Askari wale ni walinzi. Qin Shi Huang, mfalme mkuu wa kwanza wa China, aliyefariki mwaka 210 KK, amelala kilomita moja na nusu hivi magharibi mwao, chini ya kilima cha udongo kilichoota miti, ndani ya bustani ya Lishan. Tiketi ni hiyo hiyo moja, na kuna basi la bure la kukupeleka. Utasikia watu wakisema, "Kule ni kilima tu." Si kweli hata kidogo! Tangu 2021 magari mawili ya shaba yanayokokotwa na farasi, yaliyofukuliwa 1980, yako upande huo. Ukubwa wake ni nusu ya gari halisi. Katika moja, dereva amesimama chini ya mwavuli wa shaba, hatamu mikononi, farasi wanne mbele yake. Simama hapo, usikimbilie kupiga picha.

Kuingia ndani ya kaburi? Halijafunguliwa, na sababu si laana. Askari walipakwa rangi juu ya laka, yaani utomvu wa mti unaong'aa kama vanishi. Udongo ulipoondolewa na hewa kavu ikaigusa, laka ilijikunja na kubanduka kwa dakika chache. Wataalamu hawataki hasara hiyo irudiwe. Zebaki, metali yenye sumu, nayo ipo: vipimo vya udongo wa kilima vimeonyesha kiwango kikubwa.

Wapo pia wanaodhani wakulima waliochimba kisima mwaka 1974 walikuta majeshi yamesimama wima. Walikuta vipande. Nenda nyuma kabisa ya Shimo Namba 1 uone askari wasio na vichwa wakiendelea kuungwa.

Teksi ya siku nzima pia si lazima. Panda treni ya metro namba 9 hadi kituo cha Huaqingchi, kisha basi. Na pasipoti usiiache hotelini, kwani tiketi hukatwa kwa jina lako.