Vibanzi vya mdomo wa ngoma: tusiusingizie mti

Karibu kila anayeniletea mzinga wa ngoma, yaani gogo lake lenye uwazi ndani, uliomeguka mdomoni huja na hukumu iliyokwisha kutolewa, kwamba mti ulikuwa mbaya na laiti angepata mwembe au mfenesi vibanzi visingetokea. Mti hauna kosa. Katika mzinga uliochongwa kwa gogo, nyuzi za mti hupanda kwa urefu wa ngoma na kuishia mdomoni, kwa hiyo patasi au tupa inayosukumwa kutoka ndani kwenda nje hukuta nyuzi za mwisho hazina kitu cha kuziegemeza. Badala ya kukatwa hupinda, zikanyofoka na kuchanika kuteremka ubavuni. Ndiyo maana kibanzi hutokea kule makali yanakotokea, na kwa wengi huko ni upande wa nje, mahali ambapo ngozi itawambwa. Mringaringa, ambao Warundi huuchongea ngoma zao, hunyofoka vivyo hivyo ukikatwa vibaya. Nakubali kwamba mkangazi, ambao nyuzi zake hupishana, unadai uangalifu zaidi, lakini uangalifu huo ni wa mkono.

Kabla ya kusawazisha mdomo, kata mshazari mwembamba kuzunguka ukingo wa nje, patasi ikitoka ubavuni kuelekea mdomoni, kamwe si kutoka mdomoni kushuka ubavuni, kwa sababu huko makali hufuata nyuzi na kuzama. Kisha sawazisha ukitoka kila ukingo kuelekea katikati ya unene wa ukuta wa mzinga, ukiondoa maganda membamba tu.

Wapo pia wanaolowesha mdomo kwa maji ili ulainike. Maji huvimbisha nyuzi, nazo zikikauka husinyaa, na ukingo uliokuwa sawa jana leo una mawimbi. Anayepangusa spiriti kidogo kabla ya randa ana hoja, kwa kuwa hukauka upesi. Gogo bichi nalo lichongwe umbo la awali tu: mti ukikauka husinyaa kufuata pete zake za ukuaji takriban mara mbili ya unavyosinyaa kuelekea kiini, hivyo mdomo wa duara huweza kugeuka yai.

Patasi butu si salama kuliko kali, kwani husukuma nyuzi bila kuzikata. Noa.

Na msasa hautibu kibanzi kilichoinuka, bali hukikamata na kukirefusha. Kigandishwe kwanza kwa gundi, kifungwe kwa ukanda wa tyubu hadi kikauke, ndipo msasa upite.