Kuhema wakati wa mazoezi: maana yake na chanzo chake

Kuhema ni kupumua kwa haraka na kwa kina kuliko kawaida, kama anavyofanya mtu aliyepanda ngazi za ghorofa kadhaa bila kupumzika. Wengi huamini kwamba mtu huhema kwa kuwa oksijeni imepungua katika damu yake. Sivyo hasa, kwani kwa mtu mwenye afya njema, damu inayotoka mapafuni hubaki imejaa oksijeni karibu kama kawaida hata anapokimbia kwa bidii. Jambo linalochungwa zaidi na mwili ni hewa ya ukaa, yaani kabonidayoksaidi, ambayo misuli inayofanya kazi huizalisha kwa wingi. Hewa hii ikiingia katika damu huifanya iwe na asidi zaidi, na sehemu ya chini ya ubongo, ambayo ndiyo inayoongoza upumuaji, hutambua badiliko hilo hata likiwa dogo sana, kisha huamuru pumzi ziongezwe.

Hata hivyo, ubongo haungoji damu ibadilike. Mara tu mguu unapoanza kukimbia, pumzi nazo hupanda papo hapo, kwa kuwa amri ya kuisogeza misuli huamsha pia kituo cha upumuaji, na viungo vyenyewe hupeleka taarifa kwamba kazi imeanza.

Mtu aliyetulia huvuta pumzi kati ya mara 12 na 20 kwa dakika, kila moja ikiwa na takriban nusu lita ya hewa. Katika mazoezi makali anaweza kufikia mara 40 hadi 60, na hewa inayopita mapafuni ikazidi lita 100 kwa dakika. Ongezeko hilo halitokani na kasi peke yake, bali pia na kina cha pumzi. Katika kila pumzi, kiasi cha mililita 150 huishia kwenye koo na njia za hewa bila kufika kwenye vifuko vidogo vya mapafu ambako oksijeni huingia katika damu. Kwa hiyo pumzi ya mililita 500 hufikisha 350, ilhali pumzi fupi ya mililita 250 hufikisha 100 tu, na ndiyo maana anayehema juu juu huchoka bure. Kutoa pumzi nako hubadilika: wakati wa mapumziko mapafu hunywea yenyewe, lakini katika mbio misuli ya tumbo huisukuma hewa nje kwa nguvu.

Kazi ikizidi kiwango fulani, asidi hulimbikizana na pumzi hupanda ghafla. Hapo mkimbiaji hawezi tena kumaliza sentensi moja bila kukatisha. Akisimama, ataendelea kuhema kwa dakika kadhaa, maana mwili bado unaondoa mabaki na kurudisha akiba iliyotumika.

Mazoezi ya miezi mingi hayayakuzi mapafu ya mtu mzima kwa kiasi kikubwa. Yanayobadilika zaidi ni moyo na misuli, ambayo hujifunza kuitumia oksijeni vizuri na kuzalisha asidi kidogo, hata kilima kilekile kikapandwa kwa pumzi chache.