Umekauka juani? Acha Hiyo Diklo

Oktoba hapa Tabora mvua bado, jua la mchana linapita nyuzi 30, na mgonjwa ananiambia maneno yale yale niliyoambiwa jana: "Daktari, mgongo uliniuma kwa jua, nikameza diklo mbili nikarudi kazini." Diklo ni diklofenaki, kidonge cha maumivu. Leo ni mfyatua matofali, jana alikuwa mlima tumbaku wa Sikonge. Nimechoka kuyasikia, kwa sababu baadhi yao wanarudi baada ya siku chache miguu imevimba na kreatinini, uchafu wa damu ambao figo hutakiwa kuutoa, imepanda.

"Diklo inatuliza maumivu tu, haina shida." Ina shida, tena kubwa kwa mtu aliyekauka, yaani aliyepungukiwa maji mwilini. Figo hupokea karibu sehemu moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo. Ukifanya kazi juani, damu nyingi inakimbilia kwenye ngozi ili joto litoke, nyingine inakwenda kwenye misuli, na jasho linapunguza maji yaliyomo kwenye mishipa. Figo zinabakiwa na damu kidogo. Hapo hujitetea kwa prostaglandini, kemikali inayotanua mshipa mdogo unaoingiza damu kwenye chujio la figo. Diklofenaki, ibuprofeni na wenzao hufanya kazi kwa kuizuia hiyo hiyo prostaglandini. Maumivu yanapungua, na mshipa unajibana pale pale ambapo figo zilikuwa zinajinusuru. Mtu mzima asiye na ugonjwa, aliyekunywa maji na kukaa kivulini, kwa kawaida huvumilia kidonge kimoja. Aliyetoka jasho tangu asubuhi bila maji hana uhakika huo. Akiwa anaharisha, au anatumia dawa za presha za kukojoza, hatari inazidi.

Na tafadhali msiniambie ya sindano ni tofauti. Wengi wanaamini ikichomwa "inaruka tumbo" basi imekuwa salama. Ikichomwa inaingia kwenye damu, na damu inafika kwenye figo.

Sasa umeze nini? Kwanza kivuli na maji. Maumivu mengi ya misuli yatapungua ukipumzika. Ukilazimika, parasetamo kwa kipimo chake. Na dukani usiombe "dawa ya mgongo" tu. Mwambie muuzaji umeshinda juani.

"Jasho linatoa sumu, kwa hiyo figo zinapumzika." Hapana. Jasho ni maji na chumvi, uchafu wa mwili uliomo ni kidogo mno. Ukitoka jasho jingi, figo ndizo zinazohangaika kubana mkojo ili maji yasiishe.

"Figo zingekuwa mbovu ningesikia maumivu." Ugonjwa sugu wa figo hukaa kimya kwa miaka. Mgongo unaouma baada ya kuinama kutwa mara nyingi ni misuli, na kupona kwake hakusemi lolote kuhusu figo. Pima damu na mkojo.

Soda baridi badala ya maji? Acheni, ndugu zangu. Na wale wanaokunywa lita 3 alfajiri ili "waweke akiba", mwili hauna tanki, mtayakojoa yote kabla jua halijakolea. Glasi moja kila dakika 15 hadi 20 ukiwa kazini inatosha, dumu likiwa karibu nawe. Mwenye moyo ulioshindwa kazi au anayesafishwa damu afuate kiasi alichopangiwa.

Mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi baada ya kazi nzito, usiseme "ni malaria tu". Huenda misuli imevunjika na mabaki yake yanaziba figo. Njoo siku hiyo hiyo.

Mwisho nasikia: "Nilipona, basi yameisha." Wakata miwa wa El Salvador na Nikaragua, vijana wasio na kisukari wala presha, wamepata ugonjwa sugu wa figo kwa wingi, na kuumia kidogo kidogo msimu hadi msimu ni sababu inayotajwa sana. Walipopangiwa maji, kivuli na mapumziko, majeraha ya figo yalipungua. Wengi wao hulipwa kwa uzito wa miwa, kama vijana wetu wanavyolipwa kwa idadi ya matofali, ndiyo maana hawapumziki wenyewe. Mwenye tanuru, weka turubai na pipa la maji, na muda wa kupumzika ulipe.