Je, wajua kwa nini wa kwanza kujiunga na upatu hulipwa kweli?

Kaa kijiweni Mwanjelwa, hapa Mbeya, useme upatu fulani, yaani mpango wa "kuzalisha pesa", ni utapeli, jibu utalipata hapo hapo: "Mbona mama fulani wa Soweto amelipwa?" Na mara nyingi ni kweli amelipwa. Aliweka laki tano, mwezi ulipoisha simu ikalia, laki sita na nusu zikaingia. Ujumbe wa muamala upo, umepigwa picha na kuzungushwa kwenye magrupu ya WhatsApp ya kwaya, ya ukoo na ya wazazi wa shule. Hajasema uongo. Ila hakujiuliza ile laki na nusu ya juu imetoka mfuko wa nani.

Imetoka kwa waliojiunga nyuma yake. Hakuna mtaji uliofanya kazi popote: fedha ya leo inamlipa wa jana, na mwenye mpango anakata chake katikati. Charles Ponzi alifanya hivyo Boston mwaka 1920 akiahidi faida ya asilimia 50 kwa siku 45, na wa mwanzo walilipwa vilevile. Malipo hayo ndiyo matangazo yake. Kumlipa mama mmoja wa Soweto laki na nusu ni rahisi kuliko kununua muda redioni, maana yeye atawaleta dada zake wote bila kutumwa.

Wengi huchanganya jambo hili na mchezo wa kina mama. Kwenye mchezo, watu kumi wakitoa elfu ishirini kila wiki, kila mmoja kwa zamu yake anapokea laki mbili. Hakuna anayepata zaidi ya alichotoa, na kijumbe anayekusanya fedha anajulikana hadi kwa shangazi yake. Siku mtu akikuambia kuna mchezo ambao kila mmoja anatoka na zaidi ya alichoweka, hesabu imeshakataa.

Tuifanye hiyo hesabu, maana ndiyo inayowaumbua. Chukua asilimia 30 kwa mwezi, ahadi ya kawaida kabisa kwenye magrupu. Milioni moja ukiiacha humo pamoja na faida yake, baada ya mwaka inakuwa milioni 23 na ushee. Baada ya miaka mitatu inapita bilioni 12. Hati fungani za serikali za miaka 20 na 25, ambazo ukinunua unakuwa umeikopesha serikali, zimekuwa zikilipa kati ya asilimia 12 na 16, na hiyo ni kwa mwaka mzima. Kama kijana mwenye ofisi ya chumba kimoja Kabwe anaweza kutoa 30 kwa mwezi, kwa nini anahangaika na laki tano zako? Angekopa benki akatajirika peke yake.

Au tuchukue ule mtindo wa "leta watu sita". Sita wanaleta 36, hao wanaleta 216. Ukifika ngazi ya tisa unahitaji watu zaidi ya milioni 10. Mkoa wote wa Mbeya, kwa sensa ya 2022, una watu kama milioni 2.3, tukihesabu na watoto wa mgongoni.

Huku kwetu mpango mara nyingi huvaa nguo za kilimo: shamba la parachichi Njombe, miti ya mbao Mufindi, kuku. Hapo kipimo mnacho wenyewe. Parachichi la kupandikiza linaanza kuzaa mnamo mwaka wa tatu, mpaina wa mbao unasubiriwa miaka zaidi ya kumi. Sasa "gawio" la kila mwezi linatoka kwenye mche gani? Mwaka 2020 mfanyabiashara aliyejulikana kama Mr Kuku alifikishwa mahakamani Dar es Salaam, baada ya kuahidi watu asilimia 70 kwa miezi minne au 90 kwa miezi sita. Mfugaji yeyote wa Uyole anayenunua chakula cha kuku kila wiki angecheka. Kabla ya hapo, 2009, serikali ilifunga DECI, ambako watu "walipanda mbegu" ili "wavune". Viongozi wake walikuwa wachungaji, jambo lililowafanya waumini waone aibu hata kuuliza.

Anayewindwa zaidi ni mstaafu. Mafao ya mkupuo ni asilimia 40 kwa kundi moja la wastaafu na 35 kwa jingine, baada ya kikokotoo, yaani kanuni ya kugawa mafao, kupandishwa kwenye bajeti ya 2024/25. Iliyobaki inalipwa kidogo kidogo kila mwezi. Kwa hiyo mwalimu wa Tukuyu aliyefika miaka 60 ana fedha nyingi kuliko alizowahi kushika, pamoja na hofu kwamba hazitatosha. Hapo ndipo hodi inapopigwa.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu, karibu."

"Mwalimu, wewe ndiye ulinifundisha hesabu darasa la sita. Nimeona nisikuache nyuma."

Kisha mkoba unafunguliwa na karatasi zinatandazwa mezani: cheti cha BRELA, TIN, leseni ya biashara. Vyote vinaweza kuwa halali! Lakini BRELA inasajili kampuni tu, TIN ni ya kodi. Hakuna hata kimoja kinachomruhusu mtu kupokea akiba za wananchi. Ruhusa hiyo hutoka Benki Kuu, ambayo ina tawi hapa Mbeya mjini. Mpango wa uwekezaji wa pamoja huidhinishwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, na SACCOS, yaani chama cha akiba na mikopo, hupata leseni Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Uliza leseni ya hao, kisha wapigie wenyewe, tena kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, si aliyokupa mgeni. Na anayekuhimiza uamue kabla ya Ijumaa, mwache na Ijumaa yake.

Ukiwa umeshaingia, omba mtaji wako wote leo. Wakianza kudai ulipe kwanza "kodi" au "ada ya kutolea" ndipo akaunti ifunguke, usiongeze hata mia. Hizo ni njia za kukukamua mara ya pili. Hifadhi jumbe za miamala, majina na namba zilizopokea, upeleke polisi. Upatu wa aina hii ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, kwa hiyo si "deni la kudaiana" kama utakavyoambiwa. Wiki chache baadaye anaweza kukupigia simu mtu mwingine mwenye sauti ya upole, akijiita wakili au ofisa, kwamba fedha zako zimepatikana na anahitaji laki moja tu ya kufungua faili. Namba yako mara nyingi amepewa na walewale.