Kabla ya Kusema Huu ni Mwarobaini, Tazama Jani Zima

Wananchi wanaotuletea mimea tuitambue mara nyingi huja na kitu kidogo ndani ya bahasha na kusema, "Jani ndilo hili." Kumbe walichochuma ni sehemu tu ya jani. Basi swali letu la kwanza huwa: jani lenyewe limeanzia wapi?

Tafuta chipukizi. Kwapani mwa jani, pale kikonyo kinaposhikana na tawi, huwa pana chipukizi kidogo. Usipokiona, ulichoshika ni kijani (kijisehemu kinachofanana na jani dogo) kimoja cha jani mchanganyiko, yaani jani lililogawanyika katika vijisehemu kadhaa. Rudi nyuma kuelekea tawini mpaka ukikute. Mwembe hausumbui, jani lake ni moja, zima. La mkwaju lina jozi za vijani kwenye uti mmoja. La mbuyu limekunjuka kama vidole vya mkono, ingawa mche wake mchanga huanza na majani yasiyogawanyika, kwa hiyo usiharakishe kuung'oa ukidhani ni gugu.

Mwarobaini unahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu hapa kosa laweza kumdhuru mtu. Una ndugu wa familia moja, mmelia, ambao jina lake la kitaalamu ni Melia azedarach, na hupandwa kwa kivuli na maua yake ya zambarau. Vijani vya miti yote miwili vina meno kama msumeno, hivyo ukitazama kimoja peke yake utababaika. Tazama jani zima. La mwarobaini limegawanyika mara moja: uti mmoja, vijani vimepangana huku na huku, vimepinda kidogo kama mundu. La mmelia limegawanyika mara mbili, pengine tatu: uti umetoa vitawi, na vitawi ndivyo vyenye vijani. Msimu wa maua ukifika, ya mwarobaini ni meupe.

Matunda ya mmelia ni sumu kwa binadamu. Hubaki mtini yakiwa ya manjano hata majani yakishapukutika, na watoto huyaokota. Tafadhali, msipime mti kwa kuonja.

Ukituletea sampuli, kata kitawi chenye majani kadhaa, pamoja na ua au tunda kama lipo. Kilaze ndani ya gazeti kisijikunje, kisha andika ulipokichuma, tarehe, na kimo cha mti.